Chini ya Tangi la Badru

Sajenti Mwamini alikuwa amelala chali chini ya pikapu iliyoungua. Nje vilionekana viatu vyake tu.

"Afande, utachafuka," Mzee Mshamu alimwambia.

"Nimeshachafuka, mzee wangu. Hebu vuta hilo gunia, mwanga uingie."

Mzee Mshamu akavuta gunia, kisha akarudi kusimama penye kivuli cha ukuta. Yeye ni mjomba wa Badru, mwenye gari. Ndiye aliyekwenda kituoni Kibiti siku ile ile ya moto akamtaja Fundi Mfaume kwa jina. Tangu hapo Mfaume yuko mahabusu. Vijana wa mtaani wameshang'oa bati za gereji yake, na kesho asubuhi anapandishwa mahakamani kwa kuchoma gari makusudi na kumjeruhi mtu. Badru yuko hospitali Dar, miguu yote miwili imefungwa. Daktari kasema atapona, ila kuhojiwa bado, muda mwingi dawa zinamlaza.

Kwa hiyo Mwamini alikuwa na leo tu. Akafanya kama anavyofanya siku zote: kwanza akatazama kilichosalimika, halafu ndipo akatazama kilichoungua.

Boneti ilikuwa na rangi yake. Nyaya za mbele zilikuwa nzima. Siti ziliungua upande wa mgongo, bodi ya nyuma imekunjamana, na tairi za nyuma zimebaki waya. Moto ulianzia chini, nyuma, ukapanda juu. Haukutoka kwenye injini.

Tangi nalo lilikuwa zima. Lilikuwa kubwa, karibu mara mbili ya lile la zamani, limening'inizwa kwenye chesisi kwa mikanda mipya ya chuma. Mwamini akafuta masizi kwa kitambaa, akapitisha kidole pole pole penye maungio yote yaliyochomelewa. Hakukuta ufa wala tundu.

"Mzee Mshamu, kwani Badru alitaka tangi kubwa la nini?"

"Safari, mwanangu. Alikuwa akibeba kamba kutoka Nyamisati, mpunga kutoka Chumbi, hapo hakuna taabu. Lakini siku hizi anapita Mkongo anakwenda mpaka Mloka. Huko mbele sheli hamna. Utauziwa petroli ya kwenye chupa, nusu maji. Gari lilishamlaza porini mara nyingi. Akasema atatia tangi kubwa, ajaze Kibiti, aende na kurudi."

"Gari lenyewe la zamani."

"La zamani, ndiyo. Ila lilikuwa linawalisha watu humu."

Mwamini akageuza shingo. Kwenye kona ya juu ya tangi kulitoka kimpira chembamba. Hicho ndicho pumzi ya tangi. Petroli ikipata joto huvimba, na hewa yake hutokea hapo. Gari likitoka kiwandani, kimpira hicho hupanda juu mpaka karibu na mdomo wa kujazia. Hiki kilikuwa kimeshushwa chini, kimefungwa kwa waya wa nondo, na ncha yake imeyeyuka. Ilikuwa shubiri moja tu kutoka mchangani.

Chini yake mchanga ulikuwa mweusi. Mwamini akaupekua kwa vidole. Akapata vipande vya mkaa wa vifuu vya nazi, na kigae cha udongo mwekundu chenye tundu dogo la duara. Akavitia kwenye mfuko, akajisukuma akatoka nje.

"Umeokota nini?" Mzee Mshamu aliuliza.

"Kigae."

"Aa! Kwa dada yangu vyungu vinavunjika kila siku. Kigae hakichomi gari. Chupa niliyowapeni mmeitazama? Mfaume alikuja asubuhi, nikamwona kwa macho yangu haya, kalala hapo hapo ulipolala weye, na chupa mkononi. Mchana gari likawaka. Unataka nini tena?"

"Nataka kumuuliza mwenye chupa," alisema Mwamini, akajipangusa mchanga.

*

Fundi Mfaume aliletwa chumba cha mahojiano akiwa pekupeku. Alikuwa mwembamba, na mikono yake ilikuwa na madoa ya zamani ya cheche.

"Badru vipi?" Ndiyo ilikuwa kauli yake ya kwanza.

"Atapona. Kaa. Uliposa kwa kina Badru?"

"Nilimposa Yasmin, dada yake. Mzee Mshamu akairudisha posa. Kasema hampi binti fundi wa kuchomelea."

"Ukakasirika."

"Nilikasirika, nitakudanganya? Lakini Badru ndiye aliyekuwa upande wangu. Kila siku anamwambia mjomba wake, mpe Mfaume. Sasa nimchome mtu anayenitetea, nibaki na Mzee Mshamu peke yake? Hiyo akili au matope?"

Mwamini akaweka chupa ya soda juu ya meza. "Hii ni yako?"

"Yangu."

"Ilikuwa na nini?"

"Inuse."

"Nimeshainusa. Nataka useme wewe."

"Maji ya sabuni. Tangi likishafungwa na kujazwa, unapaka povu penye maungio. Likitoa mapovu, linavuja. Sikuona hata povu moja. Badru alikuwepo, muulizeni akiamka."

Mwamini akaandika. Chupa ilinuka sabuni ya unga, na utando mweupe ulikuwa umekaukia ndani. Chupa ya petroli hainuki hivyo. Hoja ya Mzee Mshamu ikaishia hapo.

"Tangi ulilitoa wapi?"

"Basi dogo lililokufa. Nikalikata, nikalipunguza. Na kabla sijalichomelea nililijaza maji, mvuke utoke. Mimi si mjinga wa kuchomelea tangi lenye harufu."

"Na kimpira cha pumzi?"

Mfaume akatazama miguu yake.

"Fundi, nimeuliza kimpira."

"Cha zamani kilikuwa kifupi, hakikufika juu. Tangi jipya limekaa kwa namna nyingine. Hapa Kibiti nilivyopata vyote vilikuwa vya maji, petroli inavila. Nikaagiza Dar. Nikakishusha chini kwa muda, nikamwambia Badru, kikifika nitakuja kukipandisha."

"Kwa muda."

"Ndiyo. Kwa muda." Akafuta uso. "Nilimwambia asijaze mpaka mdomoni. Nilimwambia sigara marufuku, jiko la mama lisogee mbali. Akacheka, akasema fundi, humu hakuna anayevuta sigara. Lakini nilimkuta kajaza mpaka mdomoni. Alikuwa na furaha nalo."

Mwamini akamwekea kile kigae mbele. "Hiki kinahusika na gari?"

"Hapana. Hicho chungu."

"Umefunga matangi mangapi kwa mtindo huo, pumzi ikiwa chini?"

"Hilo, na la Fikirini wa Mkongo. Kalichukua kabla ya moto. Kasema ataanza kulifanyia kazi Ijumaa."

"Na kimpira chake?"

"Kimefika, vyote viwili vimefika. Viko gereji, kama hawajaviiba na bati zangu."

*

Alasiri ilikuwa bado mbali Mwamini aliporudi kwa kina Badru. Bi Sikujua, mama yake Badru, alikuwa ameketi mkekani barazani. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa cheupe. Yasmin alikuwa anachambua mchele. Mzee Mshamu alikuwa kwenye kigoda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Pole na jua."

"Nimeshapoa. Mkono unaendeleaje?"

"Unaniwaka. Nilimvuta Badru. Alikuwa kaingia kulisukuma gari lisishike makuti ya nyumba, halikusogea, moto ukamkamata miguu."

"Naomba unieleze mchana ule wote, toka gari liliposimama hapa. Hata kidogo kidogo, usiache."

Bi Sikujua akashusha pumzi. "Badru kaja na gari asubuhi, kajaza kabisa, kaliweka pale juani. Mfaume akaja, akaingia chini, akatoka, akaenda zake. Watu wakaswali adhuhuri, wakaja. Mwalimu wa madrasa akasoma Fatiha, akaomba dua gari liende na kurudi salama. Kulikuwa na tende, na kahawa. Ubwabwa ulikuwa tayari. Kabla hatujapakua, pu! Moto."

"Injini ilikuwa inaunguruma?"

"Imezimwa. Ufunguo alikuwa nao Badru mfukoni."

"Jiko la ubwabwa?"

"Huko uani, nyuma ya nyumba. Upepo ulikuwa unakwenda huko, hauji huku."

"Kuna aliyevuta sigara?"

"Mbele ya Mwalimu?" Yasmin alicheka kidogo, kisha akarudi kwenye mchele wake.

"Mnaona sasa?" Mzee Mshamu aliingilia. "Hapakuwa na moto wowote. Basi uliletwa. Na aliyeuleta mnaye."

Mwamini alikuwa amehoji watu wengi waliokuwa kwenye dua ile, na wote walisema vile vile: Fatiha, tende, kahawa, ubwabwa. Yeye mwenyewe amezaliwa Ikwiriri. Alijua kwamba katika hesabu ile kuna kitu hakijatajwa, na kila mtu amekiruka bila hila, kama mtu anayeeleza alivyoingia msikitini asiseme alivua viatu.

Akafunga daftari.

"Haya, mama, mimi nakwenda. Ila kichwa kinanigonga kwa hayo masizi. Kwetu kikiuma hivi hufukizwa ubani kidogo, kikatulia. Mnao?"

"Upo, afande," alisema Yasmin, akaondoka. Akarudi na pakiti ya ubani, na makaa juu ya mfuniko wa sufuria.

"Chetezo je?"

"Tutumie huu tu."

"Nyumba kama hii haina chetezo?"

"Kilikuwepo. Kimevunjika."

"Lini?"

Yasmin akamtazama mama yake. Mama yake alikuwa anautazama mfuniko, na moshi mwembamba ukianza kupanda.

Mwamini akatoa kigae mfukoni, akakiweka mkekani pole pole, lile tundu la duara likitazama juu. Akaweka na mkaa wa vifuu pembeni yake.

"Nimevikuta chini ya gari, pale petroli ilipokuwa inadondoka. Vitazame, mama."

Bi Sikujua alivitazama kwa muda mrefu.

"Ni changu," alisema. "Kilikuwa cha mama yangu, kimetoka Mtanga."

"Dada!" Mzee Mshamu alisimama. "Usiseme maneno hayo. Chetezo kiko kila nyumba."

"Kaa chini, Mshamu. Anayeulizwa ni mimi."

Mzee Mshamu akakaa.

"Gari lilishafukizwa zamani, siku Badru alipolinunua," Bi Sikujua aliendelea. "Jipya lilikuwa tangi. Mie nikasema, ubani uende penye upya. Nikainama, nikakisukuma chetezo chini ya tangi, moshi ulipate vizuri. Nikarudi mkekani, nikainua mikono, tukaitikia dua."

"Hukusikia harufu ya petroli?"

"Nilisikia. Gari si ndivyo linavyonuka? Nikaongeza ubani."

Mwamini aliandika sentensi hiyo kama ilivyotoka.

"Ilikuwa hivi, mama. Tangi lilijazwa mpaka juu, likawekwa juani, petroli ikavimba. Haikuwa na pa kutokea ila kile kimpira, na kimpira kilikuwa kinatazama chini. Ikadondoka mchangani. Mvuke wake haupandi, hulala chini kama maji. Ukakikuta chetezo. Hakuna aliyeleta moto kwa ubaya. Lakini askari walipokuuliza siku ile, mbona hukusema?"

"Waliniuliza nani aliwasha moto. Ubani si moto, mwanangu. Nani anauita moto? Mwalimu alikuwepo, hakusema kitu. Watu wazima wote walikuwepo." Akaushika mkono uliofungwa. "Ilipopita siku moja ndipo nikaanza kuona. Nikasema, nikitamka, itakuwa nimemchoma mwanangu kwa mkono wangu mwenyewe. Nikanyamaza. Na usingizi sipati, kwa sababu Mfaume naye ana mama. Jana kapita hapo njiani na kikapu cha chakula anampelekea mwanawe mahabusu. Kanisalimu."

Yasmin alikuwa amefunika uso kwa kanga. Mzee Mshamu akakohoa.

"Lakini kimpira Mfaume hakukiweka sawa," alisema, sauti imeshuka.

"Hakukiweka sawa," alikubali Mwamini. "Na hilo litaandikwa. Ila uzembe ni kosa jingine, na kuchoma mtu makusudi ni jingine. Wewe, mzee, ulisema umemwona na petroli."

"Nilisema chupa."

"Kwenye maelezo yako imeandikwa petroli."

Mzee Mshamu akaangalia nje, kwenye lile gari. "Nitakuja nikarekebishe," alisema.

"Leo hii."

"Leo hii, afande."

Mwamini akachukua simu, akapiga namba aliyopewa na Mfaume. Haipatikani. Akapiga tena.

"Unamtafuta nani?" Bi Sikujua aliuliza.

"Mtu wa Mkongo, anaitwa Fikirini. Ana tangi kama hili. Ataanza kazi nalo Ijumaa."

Bi Sikujua aliinua uso. "Kesho?"

"Kesho."

"Basi dua ni leo," alisema, tayari anatafuta ndara zake. "Watasoma alasiri. Twende."

"Mama, nitakwenda mimi."

"Watakuona serikali. Watakukaribisha, watakupa kiti, watakwambia ndiyo afande, na ubani watauweka vile vile. Nichukue."

*

Mwamini aliomba ruhusa kwa mkuu wake kwa simu. Mfaume akatolewa ili akaonyeshe gari la pili, akiwa bado chini ya ulinzi. Walipita gereji kwanza. Vimpira vilikuwepo, nyuma ya pipa. Baada ya daraja la mfereji dereva wa polisi aliongeza mwendo, wakafika Ikwiriri, wakaacha lami, wakashika barabara ya Mkongo.

Mfaume na Bi Sikujua walikaa nyuma, wametazamana.

"Fundi," aliita Mwamini kutoka mbele. "Ulimkataza Badru sigara, ukamkataza jiko. Ubani ulimtajia?"

"Ubani?" Mfaume alifikiri. "Hapana. Afande, mama yangu alinifukizia gereji nzima siku naifungua, mitungi ya gesi ikiwa pale pale. Nilimshukuru."

"Mwanangu Mfaume," alisema Bi Sikujua.

"Naam, mama."

"Ni mimi niliyekiweka chini. Wamekuweka ndani, na mie nilikuwa najua."

Gari liliruka shimo, wote wakashika vyuma. Mfaume alikigeuza geuza kimpira mapajani.

"Mimi nilisema kwa muda, mama," alijibu. "Ningekaa nisilifunge mpaka kifike."

Nyumba ya Fikirini ilikuwa mbele kidogo ya mashine ya kukoboa. Pikapu yake ya bluu ilikuwa juani katikati ya uwanja, imeoshwa, inang'aa. Mikeka ilikuwa imeshatandikwa na wanaume walikuwa wanavua viatu. Kizee kimoja, Bi Rukaiya, mama yake Fikirini, alikuwa anatoka jikoni na chetezo mikononi, anapuliza makaa, moshi umempita begani.

Mwamini alifungua mlango, lakini Bi Sikujua alikuwa ameshashuka. Hakukimbia. Alitembea moja kwa moja mpaka katikati ya yule mama na lile gari, akasimama.

"Asalaam alaykum, dada."

"Waalaykum salaam. Karibu mgeni, umetukuta kwenye kheri. Tunalisomea gari la mwanangu."

"Nimesikia. Hicho nipe mimi."

Bi Rukaiya alicheka. "Huu? Huu ni ubani tu."

Bi Sikujua akafungua fundo la kitambaa kwa meno, akakivuta, akaunyoosha mkono wake wa kulia. Ngozi ilikuwa imevuliwa mpaka kwenye kifundo, nyekundu, inang'aa dawa.

"Na huu ni ubani tu," alisema. "Wa mwanangu ni miguu yote miwili."

Bi Rukaiya aliutazama ule mkono, akatazama gari, akatazama chetezo alichoshika. Kisha akakitoa, taratibu, na Bi Sikujua akakipokea kwa mkono wa kushoto. Akakipeleka mbali, akapita banda la kuku, akafika kwenye migomba mwisho wa uwanja, akakiweka chini huko.

Mfaume alishalala chini ya pikapu. Mwamini aliinama akamwona anapapasa mchanga kwa kiganja, halafu anakinusa. "Umelowa, afande," alisema. "Kajaza mpaka mdomoni na huyu." Wanaume walisaidia kulisukuma gari mpaka kivulini, injini ikiwa imezimwa. Fundi akakata waya, akachomoa kimpira kile kifupi, akavuta kile kirefu mpaka juu, akakibana karibu na mdomo wa kujazia. Mwamini alipiga picha kabla, akapiga na baada, kwa ajili ya jalada.

Dua ilisomwa vile vile, jua limeshaelekea upande wa mtoni. Bi Sikujua alikaa kwenye mkeka wa wanawake pamoja na wenyeji, akainua mikono yote miwili, mzima na ule mwingine. Chetezo kilikuwa kinafuka peke yake huko migombani, na upepo ukileta harufu kidogo kidogo.